Nyuma ya Pakiti

Nyumba ya Bi Mkubwa haikuwahi kujua maana ya mlango uliofungwa. Siku za kawaida tu, mtu angepita kuazima kijiko akaondoka jioni keshashiba, na kijiko chenyewe kakisahau. Sasa kwa kuwa mwanawe wa mwisho alikuwa kalazwa hospitali akingoja kupasuliwa moyo, watu walimiminika kama sisimizi walionusa sukari. Wajomba walikalia viti vyote vya sebuleni wakibishana kuhusu upasuaji, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupasua kitu kikubwa kuliko tikiti. Majirani walijazana jikoni, wanamenya vitunguu huku wakiwamenya wasiokuwepo. Na juu ya makelele yote ilisikika sauti ya Shangazi, dada wa marehemu baba, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu habari zake hazikuhitaji betri.

Bi Mkubwa mwenyewe alisimama mbele ya jiko, ana sufuria mbili. Ile kubwa ilikuwa ya wageni, nyama ya ng'ombe inatokota. Ile ndogo ilikuwa yake peke yake. Alipofikia mahali pa kuonja ile kubwa, hakunyanyua kijiko. Aligeuza shingo tu, akaita, "Mkaguzi, njoo unionjee chumvi."

Binti yake mkubwa akaja, akaonja, akasema bado kidogo. Bi Mkubwa akaongeza chumvi bila kuuliza mara ya pili.

Huyo binti kazini alikuwa mkaguzi wa lebo za vyakula, na jina la kazi likamfuata hadi nyumbani kama paka. Lakini wanaoijua familia hiyo walisema ukaguzi hakuuanzia ofisini, aliuanzia hapo hapo jikoni, akiwa msichana. Mdogo wake, huyu aliyelazwa, alipokuwa bado mtoto alishikwa na homa iliyomvimbisha viungo na kukifanya kifua kingurume mchana na usiku. Ndipo walipompachika jina la Injini, maana watoto wa mtaani hawajui huruma. Daktari alimwambia mama ajiandae. Bi Mkubwa hakujiandaa. Aliinama kando ya kitanda akamwambia Mungu: nirudishie huyu, na mimi nyama haitapita tena kinywani mwangu mpaka naingia kaburini.

Mtoto akarudi.

Na usifikiri mama huyo alikuwa mtu wa majani. Alikuwa mtu wa kupasua mfupa akaunyonya uboho mpaka mfupa uombe radhi. Lakini tangu siku ile hakuigusa. Aliipikia nyumba, aliwapikia wageni, alipikia harusi na misiba ya wengine, na kila alipofika kwenye chumvi alimwita binti yake. Ulimi wa binti ukawa ulimi wa mama. Injini akakua, akawa fundi wa friji, akaoa, akapata watoto, na Bi Mkubwa akawa anamtazama akipita na kisanduku chake cha vifaa kama mtu anayetazama mti alioupanda mwenyewe. Alikula maharage. Alikula mboga. Watu walipokaa kula pilau ya nyama yeye alikaa pembeni na kisahani chake, na akiulizwa alisema ameshazoea, ingawa macho yalikuwa yakifuata vijiko vya watu.

Ndiyo maana Mkaguzi alipomletea pakiti ya kwanza ya Vipande vya Mimea, ilikuwa kama kumletea mgeni aliyepotea miaka mingi. Soya, ngano na viungo, vimesokotwa kwa ufundi mpaka vinachanika kama mnofu. Bi Mkubwa aliuliza mara tatu kama kweli hakuna mnyama humo. Binti akasema hakuna, mama, mimi ndiyo kazi yangu. Bi Mkubwa akapika, akala polepole, akafuta jicho kwa mkono, akasingizia kitunguu. Tangu hapo kijisufuria kidogo kilipata kazi, na friza haikukosa pakiti ya kijani yenye picha ya jani.

Siku hiyo sasa, nyumba imejaa, Mkaguzi alikuwa akikusanya takataka za mezani. Aliiokota ile pakiti tupu ya kijani ili ajazie maganda ya vitunguu. Barafu iliyokuwa imeiganda mgongoni ilikuwa imeyeyuka, na maandishi ya nyuma yakawa yanang'aa kwa maji.

"Siku hizi wamezipatia," mama alikuwa akimwambia jirani, akikoroga kijisufuria. "Za zamani zilikuwa tamu, lakini hizi za sasa, wacha. Hata harufu yake. Nikifumba macho naona jiko la mama yangu."

Mkaguzi akasoma. Protini ya soya. Ngano. Mafuta ya alizeti. Seli za ng'ombe zilizokuzwa, asilimia kumi na tano. Chumvi. Viungo.

Akasoma tena, maana jicho nalo lina tabia ya kukataa habari. Kisha akaigeuza pakiti mbele. Vipande vya Mimea. Jani lile lile, kijani kile kile. Kinyozi hajinyoi: mtu anayeshinda akipekua migongo ya pakiti za watu wengine, hii ya mama yake alikuwa akiichukua dukani na kuitupia kikapuni bila kuigeuza.

Kilichomchoma, hata hivyo, kilikuwa kingine. Pakiti ile haikuwa imevunja sheria yoyote. Herufi zilikuwa na kimo kinachotakiwa, mpangilio ulikuwa sahihi, kila kitu kilikuwa mahali pake. Alilijua hilo kwa hakika kwa sababu mahali pake alipapanga yeye.

Ilikuwa hivi. Kamati ya kanuni za lebo ilikaa vikao mpaka viti vikachoka. Upande mmoja alikaa mwenyekiti wa wachinjaji, mzee mwenye vidole kama vishina, ambaye hoja yake ilikuwa moja tu na hakuipunguza wala kuiongeza: kisicho na koo la kuchinjwa kisiitwe nyama. Upande wa pili alikaa meneja wa kiwanda, mwanamke mpole mwenye sauti ya kubembeleza mtoto, aliyetaka vyakula vyake vipate jina la kuuzika. Wakagombana kuhusu soseji ya soya. Wakagombana kuhusu neno kitoweo. Halafu ikaja hii nyama ya kukuzwa, ambapo wanachukua chembe ndogo kutoka kwa ng'ombe aliye hai, wanailea kwenye mapipa ya kiwandani, inaongezeka kama hamira, na ng'ombe mwenyewe anaendelea kula majani yake hana habari. Ikiwa peke yake, bila kuchanganywa na kitu, walikubaliana haraka: iandikwe mbele, kwa herufi kubwa. Ugomvi ukawa kwenye mchanganyiko. Mimea mingi, seli kidogo. Huyo mtoto chotara aitwe kwa ukoo wa nani?

Meneja alisema, kwa ile sauti yake, "Mbele ya pakiti ni uso. Nani anaandika maradhi yake usoni?"

Watu wakacheka. Na Mkaguzi, ambaye siku hizo mdogo wake alikuwa ameanza kulazwa hospitalini na alitaka kurudi nyumbani, ndiye aliyetoa njia. Seli za mnyama zisipozidi moja ya tano, jina la mbele libaki la mimea, mradi nyuma kielezwe kila kitu. Mwenyekiti wa wachinjaji akaridhika, kwa kuwa neno nyama halikuwepo popote usoni. Meneja akaridhika, kwa kuwa jani lake lilibaki. Mkurugenzi wa ofisi yao akampa Mkaguzi mkono mbele ya wote. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno; hawa wahenga nadhani hawakuwahi kukalishwa kwenye kamati. Mezani pale kulikuwa na mchinjaji, mwenye kiwanda na serikali. Aliyekosekana ni mlaji.

Wala usiseme hawakupima. Walikuwa na rafu ya duka ofisini, rafu hasa, ya mbao, wamepanga pakiti kama dukani. Waliwaita watu wa kawaida wapite mbele yake waseme wanaona nini. Watu wote walisema wanaona chakula cha mimea, si nyama ya kuchinjwa, na kamati ikaandika kwamba hakuna anayechanganyikiwa. Tatizo ni kwamba pakiti zilikuwa zikianguka kila mlango ukibamizwa, kwa hiyo fundi aliambiwa azibandike kwa gundi. Zikabandikwa migongo. Mamia ya watu walipita mbele ya rafu ile, na hakuna aliyeweza kuigeuza hata moja.

Asubuhi iliyofuata, baada ya kuisoma pakiti ile jikoni, Mkaguzi alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, hata chai hajanywa. Akamwomba kanuni irudishwe kamatini, maneno seli za ng'ombe yaje mbele. Mkurugenzi alikuwa mtu wa heshima, hakumfukuza. Alimwambia viwanda vimeshachapa, kanuni imeshatangazwa, na malalamiko hayajapokelewa hata moja. Akauliza kama kuna mtu ameumwa. Mkaguzi akasema hapana, hakuna aliyeumwa. Akauliza kama kuna mtu amedanganywa. Mkaguzi akainuka akaenda kwenye rafu ili alete pakiti amwonyeshe. Akaivuta. Gundi ilikuwa imekomaa. Pakiti ikachanika, uso wenye jani ukabaki mkononi mwake, na mgongo wenye maandishi ukabaki umeng'ang'ania ubao, umegeuzia maneno yake ukutani.

Mkurugenzi alimshauri achukue likizo, maana anajua ana mgonjwa.

Siku hizo hizo, hali ya Injini ilikuwa ikirudi nyuma. Ile homa ya utotoni ilikuwa imeacha kovu kwenye vali ya moyo, na vali sasa ilikuwa haifungi sawasawa. Miguu ilijaa maji. Alilala ameketi. Bi Mkubwa alikuwa akikaa upande wa miguu, akiikanda kwa mafuta, na Mkaguzi akakaa upande wa kichwa, hana la kufanya na mikono yake.

"Nimejipekua," Bi Mkubwa alisema, akiwa kama anaongea na ile miguu. "Nimejipekua kote. Nadhiri yangu sijaivunja hata kwa mchuzi. Sasa nimekosa wapi?"

"Mama, hii ni vali tu," Injini akasema, akivuta pumzi katikati ya maneno. "Kompresa ya friji ikichoka huwa nabadilisha kompresa. Siulizi friji ilitenda dhambi gani."

Mke wake akacheka, kicheko cha mtu aliyelala vibaya. Bi Mkubwa hakucheka. Aliendelea kukanda, na Mkaguzi akatazama dirishani.

Mtu wa kwanza kuugundua uso wake alikuwa Shangazi, kwani ile redio ilikuwa na antena pia. Alimvuta Mkaguzi uani kwenye kamba za nguo, akamwambia aiteme siri yake, la sivyo itamtoboa tumbo. Mkaguzi akasema yote. Shangazi, ambaye kwa kawaida hukata mazungumzo ya mtu kama mkasi, alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaangaza kushoto na kulia kuona kama kuna jirani, kitu ambacho hajawahi kufanya maishani mwake.

Akasema jambo hilo lifie pale pale chini ya mashuka. Mama ni mtu mzima, imani yake ndiyo fimbo anayotembelea, na mtu hanyang'anywi fimbo katikati ya mto. Pakiti aache kuzileta, kimya kimya, aseme dukani zimekwisha. Mtoto akipona, mama atamaliza uzee wake akishukuru, na nani atakuwa ameumia?

"Na ukimwambia leo," Shangazi akaongeza, taratibu, "halafu mwanawe asitoke kule ndani, utakuwa umemzika mama yako akiwa hai. Atasema yeye ndiye aliyemuua. Na hakuna wa kumtoa hapo."

Mkaguzi akaanua shuka moja kwenye kamba, akalikunja. Alikubali. Akaziondoa pakiti zote kwenye friza, akasema dukani zimekwisha. Akalala vibaya, akaamka vibaya. Kilichomtesa ni kwamba maneno ya Shangazi aliyasikia mahali fulani hapo kabla, na alikuwa anakwangua karoti alipokumbuka ni wapi. Yalikuwa ya kamatini. Watu wataogopa bure, tusiwatishe, hakuna aliyeumia. Sauti tu ndiyo ilikuwa tofauti.

Siku moja kabla ya upasuaji, mchana, nyumba ilikuwa imejaa kupita siku zote. Bi Mkubwa alikuwa anapanga kikapu cha hospitali: chupa ya chai, shuka, kandambili. Alikuwa mtulivu, kwa kweli mtulivu kuliko wote, na Mkaguzi alipomuuliza kama hana hofu, alijibu kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

"Hofu ya nini? Mimi na Mungu tuna mapatano. Kesho wakimwingiza ndani, mimi nitakaa pale kwenye benchi nimwambie: sehemu yangu nimeitunza, hakuna siku niliyoivunja, na Wewe tunza yako. Ndilo neno langu. Sina jingine."

Basi hapo ndipo Shangazi aliposhindwa bila kuwepo. Kumnyamazia mama ni jambo moja. Kumwacha aende kusimama mbele ya Mungu na neno ambalo si kweli, akilitegemea kama mtu anavyotegemea ngazi, na wewe ndiye uliyeikata ile ngazi, ni jambo jingine. Mkaguzi akamwomba mama waongee peke yao. Katika nyumba ile hilo lilikuwa sawa na kuomba mvua ya maziwa. Walijaribu chumbani, wakamkuta mjomba analala. Walijaribu uani, kuna wafuaji. Mwishowe waliingia stoo, kati ya magunia na masanduku ya wageni, Mkaguzi akaurudisha mlango kwa kisigino na akaitoa pakiti mfukoni. Alikuwa akitembea nayo tangu siku ile, ameikunja.

"Mama, kaa."

Bi Mkubwa akakaa juu ya gunia. Macho yake yalikuwa yanaona jani na herufi kubwa. Zile ndogo alikuwa ameshaagana nazo. Binti akamsomea. Mama akasema, soma tena. Akasoma tena, kidole chini ya neno ng'ombe.

"Tangu lini?"

Akamwambia. Ni tangu zilipoanza kuwa tamu zaidi.

Nje ya mlango mtu alikuwa akiuliza ufunguo wa choo uko wapi, na mwingine akimjibu kwamba choo hakijawahi kuwa na ufunguo.

Mkaguzi akaanza kueleza mbio mbio, maneno yakigongana. Kwamba hakuna ng'ombe aliyekufa. Kwamba hakuna kisu kilichopita, wala damu. Kwamba ni chembe tu, ng'ombe yupo malishoni mpaka leo, na wapo watu wenye elimu wanaosema hata kuiita nyama ni...

"Sijakuuliza ng'ombe kafanywa nini," Bi Mkubwa akasema. "Nani aliruhusu iandikwe nyuma?"

"Mimi, mama."

"Wewe uliye ofisini, au wewe huyu?"

"Ni huyu huyu."

Bi Mkubwa akaipokea pakiti. Akaipapasa mbele, akaipapasa nyuma, kama mtu anayetafuta tofauti kwa vidole. "Na kwa nini hamkuiandika hapa?" Kidole kilikuwa juu ya jani.

"Walisema watu wataogopa. Hawatanunua."

"Basi mlijua." Alilisema bila hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa na hasira. "Mlijua kuna mtu kama mimi. Mkamwandikia nyuma ili asione."

Mkaguzi alilia. Mama hakumzuia wala hakumbembeleza. Alimwacha alie kama vile mtu anavyoiacha mvua. Baadaye akasema tena, taratibu:

"Pengine Mungu anaihesabu kuwa nyama. Pengine haihesabu. Lile lilikuwa neno langu na Yeye, mimi ndiye ningemuuliza, na angenijibu au angenyamaza, vyote sawa. Wewe ukaingia katikati ukajibu. Ulimi wako nimeuamini tangu ukiwa msichana, sikuwahi kuonja baada yako. Hata mara moja."

Akainuka, akaegemea masanduku, akatoka. Jikoni akaendelea kupanga kikapu. Shangazi alimtazama, akamtazama na Mkaguzi aliyekuja nyuma na macho mekundu, akaelewa.

Siku ya upasuaji manesi walimsukuma Injini asubuhi kwenye kitanda cha magurudumu. Alipofika mlangoni alimwita mama yake karibu, na Bi Mkubwa akainama. Mama ndiye akamwambia kila kitu, hapo hapo, kwa sauti ya kawaida, kwamba nadhiri imevunjika na kwamba asiende ndani akidhani mama yake ana kitu mkononi. Mke wa Injini akashika ukuta. Mkaguzi alitamani sakafu imeze viatu vyake na yeye akiwemo.

Injini akageuza kichwa kwenye mto. "Mama," akasema, "umekaa na njaa miaka yote hii kwa ajili yangu?"

"Haikuwa njaa."

"Nilikuwa nakuona. Mezani. Nilikuwa nakuona unavyotazama." Pumzi ikamkatikia, nesi akasema inatosha. Lakini aliunyoosha mkono akamshika mama kidevu, kama vile yeye ndiye mzazi. "Nilikuwa naona aibu kushiba."

Mlango ukafunguka, ukafungwa.

Wakakaa kwenye benchi. Mke wa Injini katikati, Shangazi kando yake akiwa amezimika kabisa, hata salamu za wapita njia alizijibu kwa kichwa. Bi Mkubwa ukingoni upande wa mlango. Mkaguzi ukingo wa pili, mbali kadiri benchi lilivyoruhusu. Watu wa mtaani walikuja, wakakaa, wakaondoka. Harufu ya dawa ya sakafu ilipanda na kushuka kila mfagiaji alipopita. Mkaguzi alikuwa akiutazama mdomo wa mama yake. Alingoja uanze kusogea. Haukusogea.

Ilikuwa mchana umeshakolea pale Bi Mkubwa alipofungua viganja vyake mapajani, akavitazama. Hakuvipandisha juu kama watu wanavyofanya. Aliviacha pale pale.

"Sina cha kukuonyesha," alisema, polepole, na haikuwa kwa yeyote aliyekuwepo. "Nimekuja mikono mitupu. Naomba tu."

Mke wa Injini akaanza kulia. Shangazi akamshika. Mkaguzi aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa magoti, na akaomba pia, ingawa hakujua aanzie wapi, kwa hiyo aliazima maneno ya mama yake yalivyo.

Daktari alipotoka alikuwa bado na kofia ya kitambaa kichwani, na usoni alama ya barakoa. Alisema vali imekaa. Alisema usiku wa leo ndio wa kuangaliwa, asiwadanganye, lakini moyo umekubali na unapiga wenyewe. Shangazi akaketi chini sakafuni kama mzigo uliokatika kamba. Mke wa Injini akamkumbatia daktari, kofia ikadondoka. Bi Mkubwa alisimama tu, amekishika kikapu chake kwa mikono miwili, machozi yakishuka bila yeye kushughulika nayo. Hakusema ni kwa sababu ya nini mwanawe ameishi. Mtu mmoja pale ukumbini alisema ni sala, mwingine akasema ni daktari, na mabishano yakaanza papo hapo, lakini yeye hakuyaingia.

Baadaye, wenzao walipokwenda kupiga simu nyumbani, benchi likabaki na watu wawili tu, kila mmoja kwenye ukingo wake.

"Mama," Mkaguzi akasema, "na nadhiri?"

"Hiyo haikuhusu."

Mkaguzi akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa haki. Akasema mama hajala tangu jana, amletee kitu pale kwenye duka la hospitali, chai na mkate labda, au maharage.

Bi Mkubwa alilifikiria. Akashika ukingo wa benchi, akainuka.

"Usiniletee kitu," akasema. "Twende wote. Nitachagua mwenyewe."

Wakatembea ule ukumbi mrefu, mama mbele kidogo. Dukani kulikuwa na biskuti, maandazi ndani ya kioo, soda, na pakiti za rangi zote zimepangwa nyuso zikitazama mbele. Muuzaji akauliza wanataka nini. Bi Mkubwa alisogea mbele ya rafu. Alizitazama pakiti, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho wa rafu. Kisha akaelekea kwenye kapu la matunda lililowekwa chini karibu na mlango, akainama, akazigeuzageuza ndizi, akachukua moja yenye ganda zima.

Aliimenya hapo hapo wamesimama. Akala nusu. Ile nusu nyingine akamnyooshea binti yake, bila kumtazama, na mkono wake ukakaa hewani ukingoja mpaka ikapokelewa.